Mgeni na Gari Lake

Gari tunalo, na mafuta tungechangishana. Ndiyo maana wanangu walishangaa niliposema kwamba Desemba hii tutashuka Mombasa kwa garimoshi, gari libaki hapa Kitengela. "Sasa huko tutazungukaje, Mama?" kifungua mimba aliniuliza. Ana haki ya kuuliza, ila kuna swali linalotangulia lake: mgeni ana haki gani mahali penye wenyewe?

Sisi wa Kitengela tunalijua swali hili kwa upande wa wenyeji. Barabara ya Namanga inatupitia katikati. Kiangazi kikikaza na ng'ombe wakivushwa kufuata malisho, dereva mwenye haraka ya kufika mpakani hupiga honi mfululizo, huku mchungaji akirudi nyuma kumsukuma ndama aliyezubaa. Kwa dereva huyo, Kajiado nzima ni kitu kinachomchelewesha.

Mombasa ulikuwa mji wa watu kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Njia za Mji wa Kale zilitosha watu wa miguu na mizigo yao. Hadi leo, katika vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, wazee huketi barazani jioni, migongo ukutani, magoti karibu yaguse njia, na muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Gari likiingia, waendao kwa miguu hujibanza milangoni, na waliokaa barazani huvuta moshi wake. Aliye ndani amefunga vioo, anatafuta pa kuegesha. Hana nia mbaya na mtu. Lakini raha yake inalipwa na watu asiowajua, na hapo ndipo suala la usafiri linapogeuka kuwa suala la imani.

Katika Injili ya Luka, Yesu anawatuma wanafunzi wake bila mkoba wala viatu, wale watakachoandaliwa na nyumba itakayowapokea. Mimi nasoma hapo agizo la kukubali kuwahitaji watu. Uislamu nao unamweka msafiri aliyeishiwa njiani katika makundi 8 yanayostahili zaka, hata kama kwao ni tajiri. Dini zote mbili zinajua kwamba ugenini kila mtu ni mhitaji. Lakini anayesafiri na gari lake amebeba nyumba yake: haulizi njia, hasubiri, hasaidiwi. Anaweza kuuona mji wote asikutane na mwenyeji hata mmoja.

Sisemi gari ni dhambi. Mama yangu ana magoti mabovu, na siwezi kumtesa ili nitimize msimamo wangu. Tutapandia garimoshi Athi River, lile linalosimama vituo vya njiani, tushukie Miritini. Yeye atachukuliwa na tuktuk hadi mlangoni. Tuktuk hushusha ikaondoka, na mwenyewe akapata riziki. Mgonjwa, mlemavu na mwenye mtoto mchanga nao haja yao ije kwanza.

Wewe mwenye miguu mizima, unayepanga kushuka pwani sikukuu hizi, liache gari nyumbani. Ukilazimika kwenda nalo, liegeshe nje ya Mji wa Kale, uingie kwa miguu, usalimie walio barazani, uulize njia. Mwenyeji naye ana haki ya kukukaribisha.