Riba Iliyovaa Jina la Ada

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, Naye ndiye tunayemtaka msaada. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika darsa yetu ya hapa Awasi limeletwa swali ambalo tumeona ni wajibu kulijibu kwa maandishi, kwani halimhusu aliyeuliza peke yake. Muulizaji ni mfanyabiashara wa mpunga. Anasema kwamba aliweka benki shilingi 12,000, fedha za halali za mauzo yake, na alipokwenda kuzitoa akaambiwa zimebaki 7,450. Alipodai maelezo akaambiwa kwamba hisabu yake ilikuwa tupu kwa miezi miwili, na katika muda huo benki ililipa kwa niaba yake shilingi 3,000 za karo, kwa agizo aliloliandika mwenyewe zamani kisha akalisahau. Zile 1,550 zilizosalia ni ada za kupitiliza salio. Anauliza: Je, hizi 1,550 ni riba? Je, mimi nina dhambi hali ya kuwa sikujua? Na ndugu yangu aliye na deni la namna hii katika simu, je, yafaa aitupe laini yake asilipe, maadamu mkopo wenyewe ni wa riba?

Haya ni maswali matatu, na kila moja lina jawabu lake. Tutayajibu kwa utaratibu, inshallah.

Kwanza ni lazima tuijue sura ya jambo lenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Kupitiliza salio ni kutoa, au kutolewa, zaidi ya ulichonacho. Benki hukujazia upungufu, na hapo pale umekuwa mdeni wake, hata kama hukutia sahihi karatasi mpya siku hiyo. Zamani mambo haya yalikuwa ya matajiri wenye vitabu vya hundi. Leo yamo mfukoni mwa kila mtu. Januari 2019 kampuni ya Safaricom, pamoja na benki ya KCB na benki ya CBA, ambayo baadaye mwaka huo huo iliungana na NIC ikawa NCBA, zilianzisha Fuliza katika M-Pesa. Mtu akitaka kulipa shilingi 800 naye ana 200, hukamilishiwa zile 600. Kisha fedha yoyote inayoingia katika simu yake, iwe ya mauzo, ya mshahara au ya sadaka aliyopelekewa na nduguye, hukatwa kwanza kulipa lile deni kabla yeye mwenyewe hajaigusa.

Na gharama yake je? Kwa viwango vya mwanzo, mwenye kuazima shilingi 1,000 alitozwa asilimia 1, yaani shilingi 10, kisha shilingi 10 kwa kila siku iliyopita bila ya kulipa. Pigeni hisabu wenyewe: akikaa siku 30 atadaiwa 310 juu ya 1,000 yake, ukiacha kodi. Mwaka 2022 ada hizi zilipunguzwa, na waliokopa shilingi 1,000 au chini ya hapo wakapewa siku tatu bila ya ada ya kila siku. Hilo ni jema kwa mfuko wa maskini, wala hatulikanushi. Lakini kupunguza kiwango ni jambo moja, na kubadili asili ya kitu ni jambo jingine.

Tazameni na neno lenyewe. Katika Kiswahili, kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila ya kukoma. Na ndivyo ilivyo hali ya wengi wetu: analipa asubuhi, anaazima jioni, analipa kesho, anaazima keshokutwa. Waliochagua jina walikusudia kumwambia mteja aendelee na safari yake bila ya kukwama. Walakini kinachoendelea bila ya kukoma, mara nyingi, ni deni.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wako wanaosema: "Hii si riba, bali ni ada ya huduma, kama nauli ya matatu." Maneno haya yana sehemu ya haki, nasi hatutaki kumdhulumu mtu. Ujira wa kazi ni halali. Jumuiya ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilikubali kwamba mkopeshaji aweza kutoza gharama za kuendesha mkopo, kwa sharti kwamba zisipite gharama halisi zilizotumika, na kwamba chochote kinachozidi hapo ni riba iliyoharamishwa.

Basi kipimo tunacho. Jiulizeni: Je, kazi ya kuandika deni katika daftari huongezeka kila jua linapochomoza? Kazi ya kupitisha shilingi 600 imefanywa mara moja na imekwisha. Siku ya pili hakuna kilichofanywa illa wakati umepita. Ada inayoota kila siku haiwezi kuwa ujira wa kazi. Ni bei ya muda. Na bei ya muda juu ya deni la fedha ndiyo riba yenyewe, hata ukiiita ada, gharama, huduma, faini au shukrani. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba riba ya zama za ujahili ilikuwa hivi: deni likifika wakati wake, mwenye kudai humuuliza mdeni, utalipa au utazidisha? Akilipa, basi, asipolipa, humwongezea deni na kumwongezea muda. Je, kuna tofauti gani baina ya hiyo na hii, isipokuwa kwamba yule wa Makka alikuja mlangoni akauliza, na huyu wa leo haulizi?

Na hata sheria ya nchi yetu imeuona ubaya wa deni kujizidisha. Tangu mwaka 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya huzuia benki kudai, katika mkopo ulioshindwa kulipwa, riba inayozidi kiasi cha deni la asili lililokuwapo mkopo uliposhindwa. Waliotunga sheria hiyo waliweka ukuta pale deni linapokuwa maradufu. Mwenyezi Mungu, katika Surat Al-Imran aya ya 130, amekataza riba ya kuzidishwa na kuzidishwa, kisha katika Surat Al-Baqara, aya ya 275 hadi ya 279, akaufunga mlango wote, akamwachia mwenye kudai rasilmali yake tu: asidhulumu wala asidhulumiwe. Kwa hivyo jawabu la swali la kwanza ni hili: katika zile shilingi 1,550, kilichokuwa gharama halisi ya kazi ni ujira, na kilichohisabiwa kwa siku za kuchelewa ni riba, lijapokuwa jina lake zuri.

Ama swali la pili, la asiyejua. Mtu hahukumiwi kwa lile asilolijua kabisa. Lakini tusijifiche nyuma ya ujinga tunaoweza kuuondoa. Mwenyezi Mungu ameteremsha aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, kutufundisha kuandika madeni na kushuhudia. Sisi ni umma ulioamrishwa kuandika deni dogo na kubwa, kisha tunapewa karatasi ya benki tukatia sahihi bila ya kuisoma, na simu ikituuliza kama tumekubali masharti, tunabonyeza kabla swali halijamalizika! Mapatano bila ya kujua bei ni jambo ambalo fikihi yetu imelikataza hata katika kununua samaki aliye ziwani. Yule ndugu yetu, baada ya kujua, juu yake ni mambo matatu: aifute ile ruhusa ya kupitiliza salio, alifute agizo lile au ahakikishe fedha zake zipo kabla ya tarehe, na aombe kwa benki maelezo ya kila ada kwa maandishi. Akiona ada isiyokuwamo katika mapatano, aidai, kwani kudai haki si ugomvi. Wengi hukaa kimya kwa kuona haya, na dhuluma hunenepa kwa ukimya.

Swali la tatu ndilo linalotutia khofu zaidi, kwa sababu tumewasikia vijana wakilifanyia mzaha. Wanasema: "Ni riba, basi silipi," kisha wanaitupa laini na kununua nyingine. Ewe ndugu Muislamu! Uliazima shilingi 2,000 ukazila. Rasilmali ile ni deni shingoni mwako, awe aliyekukopesha ni Muislamu au si Muislamu. Hukuikumbuka haramu ulipokuwa ukichukua, umeikumbuka unapotakiwa kurudisha? Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba aliletwa maiti mwenye deni la dinari tatu, asiyeacha cha kulilipa, na Mtume (S.A.W.) akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa dinari tatu zilizuia sala ya Mtume, laini iliyotupwa katika mtaro itatuokoa na nini? Lipa deni, na kama huna njia ya kuepuka ile ziada uliyojifunga nayo, itoe hali ya kuwa unaichukia, utubu, kisha uufunge mlango usirudi.

Wala hatusahau dharura. Mama ambaye mtoto wake ameshikwa na homa usiku wa manane, hana pengine pa kuazima, hatumwambii amwache afe. Dharura ina hukumu yake, nayo hupimwa kwa kadiri yake. Lakini tusiifanye dharura kuwa joho la kila mtu. Kuazima kwa ajili ya kucheza kamari ya mpira ni haramu juu ya haramu, na kuazima kwa nguo ya Idi si dharura.

Hapa tumefika kwenye lililo zito, na linatuhusu sisi tunaokaa safu ya mbele. Yule mama wa usiku wa manane, kwa nini hakuwa na pengine pa kuazima? Jirani zake Waislamu walikuwa wapi? Mkulima wa miwa wa upande wa Chemelil na Muhoroni, ambaye malipo yake yamezoea kuchelewa, na mkulima wa mpunga wa Ahero, ambaye mafuriko ya Nyando yanaweza kumchukulia shamba, hawa hawaendi kwenye riba kwa kuipenda. Huenda kwa kuwa mlango wa riba u wazi usiku na mchana, na mlango wa msikiti, kwa jambo hili, umefungwa. Kuharamisha bila ya kusaidia ni kumwonyesha mwenye kiu kisima kilichokatazwa, kisha kumwacha jangwani.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazoendeshwa kwa sharia, na anayeweza kuzifikia azitumie. Lakini shilingi 500 za dharura hazihitaji benki. Tazameni kina mama wa huku katika nyoluoro zao: kila mmoja hutoa kidogo, na mmoja hupokea zote kwa zamu, bila ya kuongezwa senti. Wengi wao si Waislamu, nao wametekeleza jambo tunalolihubiri. Tahadhari moja tu: vyama vingine hukopesha mfuko wao kwa asilimia kadha kwa mwezi, na hiyo ni riba ile ile, hata ikigawanywa mwisho wa mwaka kwa furaha.

Rai yetu ni kwamba kila msikiti uanzishe mfuko wa karadha njema. Uwe na daftari, mashahidi wawili, kiwango cha juu kinachojulikana, tarehe ya kurudisha, na hisabu isomwe mbele ya watu kila mwezi. Mwenye kukwama apewe muda, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 280 ya Surat Al-Baqara; na mwenye uwezo akakawia kwa jeuri, aambiwe kwamba anamfungia mlango ndugu yake anayengoja nyuma yake. Watu ishirini wakitoa shilingi 200 kila mmoja, tayari ni 4,000, na hizo zatosha kuwazuilia watu wanane mkopo wa 500 kila mmoja. Wakirudisha, wanane wengine watapata.

Ndugu zangu, tumeyasoma makatazo ya riba miaka mingi, na sauti zetu zimekauka mimbarini. Sasa na tutoe mikono mifukoni. Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake, atuondolee uzito wa madeni, na atujaalie tuwe msaada wa wenye shida katika watu wetu. Amin.

Wabillahi taufiki.