Baraza Chache Zenye Utulivu

Jua, ewe ndugu: tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kukusanya watu 1,024. Huenda mtu wa Maramba akawamo katika makundi kumi, naye hajui kuwa jirani yake yu mgonjwa. Je, ajitenge na watu kabisa? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizipima faida za uzla na madhara yake. Na Imamu Nawawi akatanguliza kuchanganyika na watu kwa awezaye kujihifadhi. Basi na ayabakishe makundi ya jamaa na ya elimu, ayatoke ya ghiba, kwani msikilizaji aridhiaye ni mshirika. Na haki ya mgonjwa na ya jeneza hutekelezwa kwa miguu. Wallahu aalam.