Anayejua Akanyamaza



Ndugu zangu, nikiwa mwaka wa tatu katika masomo ya afya ya jamii nilipewa kazi ya utafiti kuhusu hatari za kimwili na za kikemikali mahali pa kazi. Nilikwenda Katwe, hapa hapa Kampala, kwa mafundi wanaochomelea mageti na madirisha. Nilibeba kifaa cha kupima kelele, dodoso na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Fundi mmoja, mtu wa makamo, alitia saini bila kuisoma, akaniita "musawo" na kunipa kigoda chake nikalie.

Alikuwa amevaa miwani ya jua ya kawaida. Kando yake kulikuwa na maziwa. Alinieleza kwamba maziwa husafisha kifua na kuondoa moshi. Mafundi wengi wanaamini hivyo. Mimi nilijua kwamba maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, wala hivyo viwili havikutani. Nilinyamaza, nikaandika kwenye dodoso: "Anakunywa maziwa: ndiyo."

Mashine ya kukatia chuma ilipowashwa, kifaa changu kilionyesha desibeli 97. Kipimo kinachotumika sana katika utafiti ni kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 97 inabaki nusu saa tu. Yeye yuko pale tangu asubuhi hadi karibu na Magharibi. Akaniuliza, "Musawo, mashine imesema nini?" Nikamjibu kwamba ripoti itatoka.

Ripoti ilitoka. Nilipata alama nzuri. Katwe sikurudi.

Swali lililonikosesha raha ni hili: je, nilimdhulumu mtu yule? Sikumwibia kitu wala sikumpiga. Moshi ule haukuwa wangu. Mwenzangu mmoja wa hosteli alinitetea kwa nguvu: hakuna aliyemlazimisha fundi, riziki ya watoto wake iko pale, na ukimtisha kwa habari za saratani atakula nini kesho?

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Njaa nayo inaua, na inaua upesi kuliko moshi. Lakini tuangalie fiqhi ya biashara tunayoisoma. Muuzaji akijua kwamba mali ina kasoro iliyojificha, ni haramu kwake kuificha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Kuridhia kwake wakati wa kununua hakuiondoi haki hiyo, kwa sababu aliridhia kitu asichokijua. Sasa fundi anauza siku yake, na kazi anayoipata ina kasoro iliyojificha. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa jioni ile ile, naye akadhani ni malaria. Kama hayajui hayo, ameridhia nini? Na tofauti na mali ya dukani, mapafu hayarudishwi.

Wengine watasema: tawakkul. Nakubali, lakini Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu amtegemee Mwenyezi Mungu. Fundi asiyeambiwa kwamba kamba ipo atamfungaje ngamia wake?

Sisemi mzigo wote ni wa mwanafunzi. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini katika vibanda vingi vya Katwe mwajiri naye ni fundi aliyekodi kiwanja, anavuta moshi ule ule. Pale mwenye elimu pekee huenda akawa yule aliyekuja na dodoso. Ndiyo maana naona elimu ile haikuwa mali yangu. Aliizaa yeye kwa masikio yake na pumzi yake. Mimi niliiandika tu. Kuibeba hadi kwenye mahafali na kumwacha mwenyewe mikono mitupu ni kuikhini amana.

Baada ya miezi 14 nilirudi. Nilimwambia ile namba 97 na maana yake. Alicheka, akasema, "Kumbe! Nilidhani mke wangu siku hizi ananong'ona." Kisha nikamwambia kuhusu maziwa. Hakucheka tena. Aliuliza, "Mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tulifanya tuliyoyaweza. Meza ya kuchomelea aliigeuza ili upepo uupeleke moshi mbali na uso wake. Zinki ataikwangua kabla ya kuchomelea. Vizibo vya masikio ameanza kuvaa, na ngao ya uso anawekea akiba. Hakuacha kazi, wala sikumwambia aache.

Ndugu yangu unayekwenda kukusanya takwimu muhula huu, iwe Katwe, Kisenyi au kwenye mashamba ya maua, kabla hujaondoka muulize mwenye kukupa majibu atapenda kuyapata vipi matokeo, na kwa lugha gani. Kisha weka nauli ya kurudi. Aliyekupa kigoda chake anakudai.

Wabillahi tawfiq.