Kipimo Kwenye Ncha ya Mlingoti



Tarehe 23 Februari 1999 watu wa Denmark walirusha setilaiti yao ya kwanza, kutoka California huko Marekani. Ilikuwa ndogo, ya kilo kama 60 tu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia ikiipima ile nguvu ya sumaku inayogeuza sindano za dira. Nguvu hiyo hutoka hasa katika chuma kilichoyeyuka, yapata kilomita 2,900 chini ya nyayo zetu. Hatuioni wala hatuisikii, nayo hutukinga usiku na mchana na chembe kali zitokazo kwenye jua. Muumba hakutupigia tarumbeta juu ya jambo hilo.

Waliiita Ørsted, kwa jina la profesa wa Copenhagen ambaye mwaka 1820 alitambua ya kuwa umeme ukipita katika waya huipotosha sindano ya dira iliyo karibu. Na hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya mafundi. Setilaiti imejaa waya. Kipimo kikikaa tumboni mwake, kitapima sumaku ya dunia na ya setilaiti yenyewe pamoja, bila kuzitenga. Basi wakaipa mlingoti. Ulirushwa umekunjwa, na huko juu ukanyoshwa mita 8, kipimo kikakaa kwenye ncha, mbali na mwili. Kipimo cha pili kiliwekwa ndani kidogo, pamoja na kamera ya kutazama nyota, ili ijulikane kimeelekea wapi. Tena vyombo vya namna hii hupimwa vyenyewe kabla ya kurushwa, ijulikane vina sumaku kiasi gani.

Sisi nasi tuna waya zetu. Mashauri huletwa mbele ya wazee wa kanisa: mjane na shemeji zake wanagombea mpaka wa shamba. Mmoja wetu ni binamu ya hao shemeji, mwingine anadaiwa nao. Tunafungua kwa sala, tunakata shauri, kisha twasema Roho ametuongoza. Labda tulichopima ni umeme wetu wenyewe, na anayelipa ni mjane, kwa mahindi ya mwaka mzima.

Hatuambiwi tusiwe na ndugu. Setilaiti isiyo na umeme ni jiwe tu. Lakini mlingoti tunaweza kuunyosha. Mwenye udugu au deni katika shauri na aseme mapema, atoke nje. Waliobaki na washuke shambani, wayaone mawe ya mpaka kwa macho yao. Na kabla ya kuketi, kila mmoja asome kimya mwisho wa Zaburi ya 139, akijiombea mwenyewe. Si wakati wa kumkumbuka jirani.

Kisha mjane aitwe, aulizwe yeye kwanza.