Ujerumani ya Sherehe na Ujerumani ya Kumbukumbu

Pale EPCOT, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney karibu na jiji la Orlando, Florida, mtu anaweza kuizunguka dunia kwa miguu kabla jua halijazama. Kando ya ziwa la kuchimbwa yamepangwa mabanda ya nchi 11: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Aliyezoea Maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam ataelewa upesi, ila huku kila banda ni kama mtaa mzima, wenye uwanja, maduka, mgahawa na muziki wake. Banda la Ujerumani lilikuwapo tangu siku ya ufunguzi, tarehe 1 Oktoba 1982.

Nilipelekwa huko na mpwa wangu anayeishi Florida. Nilitaka hasa kuiona hiyo Ujerumani, kwa sababu Mtanzania wa kizazi changu hawezi kulisikia jina la nchi hiyo akabaki vilevile. Tumekua tukipita mbele ya maboma yao. Tumesali katika makanisa waliyoyajenga. Tumepanda treni ya Kigoma juu ya njia waliyoitandika wao kwa jasho la babu zetu. Wajerumani walitutawala kwa muda mfupi kuliko Waingereza, lakini alama waliyoacha ni ya kina.

Uwanja wa banda lile unapendeza. Katikati amesimama Mtakatifu George juu ya farasi, akimchoma joka mkuki. Upande mmoja kuna jengo lililoigwa kutoka ukumbi wa kale wa wafanyabiashara mjini Freiburg, na ukutani zimewekwa sanamu za wafalme. Nyuma kuna kuta za ngome kama zile za kando ya mto Rhine. Kila saa inapotimia, mnara wa saa hupiga kengele na vikaragosi vikatokea. Dukani zimejaa saa za ukutani ambazo kindege huchomoza ndani yake na kuimba, na duka jingine huuza mapambo ya Krismasi mwaka mzima. Harufu ya karameli ikichemka jikoni huvuta watu hata wasiotaka kununua kitu.

Lakini kilichonishika zaidi ni mgahawa. Ndani yake ni jioni daima, hata kama nje ni saa sita mchana, na juu yako kuna anga la bandia. Meza ni ndefu, na usipokuwa na watu wa kutosha kuijaza, unaketishwa na wageni usiowajua. Unajichukulia mwenyewe soseji, viazi na kabichi iliyochachushwa. Kisha wanamuziki wanapanda jukwaani na kodiani, kengele za ng'ombe na pembe ndefu ya mbao inayogusa sakafu, na watu waliokuwa hawajasalimiana wanajikuta wakigonganisha glasi. Tulikaa na wazee wawili, mke na mume, na familia moja yenye watoto wadogo. Nusu saa haijapita, mama wa watoto wale alikuwa ananiuliza habari za kwetu, na mtoto wake mdogo alikuwa amesinzia begani kwa mpwa wangu.

Nililiheshimu jambo lile. Watu wanaomkaribisha mgeni kwa chakula na wimbo, wakamketisha kando ya asiyemjua, wanafundisha jema ambalo sisi wa pwani tunalijua tangu utotoni: chakula kikiliwa kwenye sinia moja huondoa ugeni. Sikuona sababu ya kuinyima furaha ile haki yake. Asili yake ni sherehe ya Oktoba ya mjini Munich, iliyoanza mwaka 1810 kwa harusi ya mwanamfalme Ludwig na binti Therese, nayo bado huwakusanya watu kwa mamilioni. Watu wanastahili kukumbukwa kwa harusi zao.

Kijana aliyetuhudumia alikuwa Mjerumani. Wafanyakazi wengi wa mabanda yale huletwa kutoka katika nchi zenyewe kwa mkataba wa muda, na kwenye beji ya kila mmoja, chini ya jina, huandikwa anakotoka. Beji yake ilisema Hamburg. Nilimuuliza kama kwao nako huvaa kaptula za ngozi za namna ile aliyovaa. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, yale ni mavazi ya Bavaria, kusini kabisa, na kwao ni mji wa bandari, wa meli, samaki na upepo. Nilimwelewa mara moja. Mvuvi wa Mafia na mama wa Kihaya wa Bukoba wakienda ng'ambo, wote wawili hutarajiwa wawe wamevaa lubega na kushika mkuki. Ujerumani ina majimbo 16, lakini dunia imeshachagua moja liwavalie nguo wengine wote.

Na si mavazi tu yaliyochaguliwa. Banda lile lilipofunguliwa mwaka 1982, hapakuwa na Ujerumani moja duniani. Zilikuwa mbili, na ukuta wa Berlin, uliojengwa mwaka 1961, ulikuwa bado umesimama kati ya ndugu na ndugu. Kule Florida nchi hiyo ilionyeshwa nzima, yenye amani, bila ukuta, miaka minane kabla haijaungana kweli tarehe 3 Oktoba 1990. Waliojenga hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mgeni apumzike. Nyumba yenye adabu humpokea mgeni sebuleni, ikaweka kitambaa kizuri mezani, na hakuna anayemlaumu mwenye nyumba kwa kutomwonyesha chumba alimolala mgonjwa. Shida huanza pale mgeni anapoondoka akiamini kwamba nyumba ile ni sebule tupu.

Wakati tunatoka, mpwa wangu alinirudisha nyuma kidogo, upande wa banda la China, akanionyesha mahali padogo penye ngoma, vinyago na kibanda cha vinywaji baridi.

"Mjomba," akasema, "hapa ndipo ilipokuwa ijengwe Afrika."

Ni kweli. Kati ya China na Ujerumani palipangwa banda la Afrika ya ikweta. Lilitangazwa wakati wa ufunguzi, na Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, alikuwa miongoni mwa washauri wake. Halikujengwa. Moroko ilikuja kupata banda lake mwaka 1984, lakini sisi wa kusini ya jangwa tulibaki na kile kibanda cha njiani. Baadaye, mwaka 1998, kampuni hiyohiyo ilifungua bustani nyingine ya wanyama hapohapo Florida, na humo ikajenga kijiji kinachoitwa Harambe, kwa mtindo wa miji ya pwani yetu kama Lamu, chenye maandishi ya Kiswahili kwenye kuta. Kimejengwa kwa uangalifu mkubwa, na moyo hufurahi kuiona lugha yetu mbali kiasi kile. Lakini watu wengi hupita kijijini wakielekea kwenye magari ya kutazama simba na twiga. Mjerumani amepewa saa, mkate, wimbo na meza. Sisi tumepewa mnyama, na binadamu tumekuwa njia ya kumfikia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki, aliingia jeshini pamoja na baba yake, naye bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, na huko akadai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Akabaki, akaoa, na kujulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin na kuigiza katika filamu. Na kwa riziki yake alikuwa mhudumu katika jumba la burudani lililoitwa Haus Vaterland, pale Potsdamer Platz.

Jumba lile lilikuwa nini? Lilikuwa dunia chini ya paa moja. Kila ukumbi ulikuwa nchi au jimbo: mkahawa wa Kituruki, baa ya Marekani ya wachunga ng'ombe, ukumbi wa Bavaria, na ukumbi wa mto Rhine ambamo ngurumo, radi na mvua ya bandia vilitengenezwa kila baada ya saa moja kuwafurahisha walaji. Zaidi ya miaka 50 kabla ya EPCOT, Mswahili wa Dar es Salaam alikuwa akizunguka na sinia katika dunia ya kuchezewa, akiwahudumia watu waliokuja kuona mataifa bila kusafiri. Walimwona kila usiku. Mwaka 1941 alikamatwa na utawala wa Hitler, kosa lake likiwa uhusiano na mwanamke mzungu. Alifungwa bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Simleti ndugu yetu huyu ili kumharibia mtu karamu. Namleta kwa sababu maisha yake yanaonyesha gharama ya kumtazama binadamu kwa upande mmoja tu. Waliomfurahia akiwa amebeba sinia hawakumwona kama mtu mwenye dai la haki, mume, baba na mwalimu. Binadamu anayeonwa nusu ni rahisi kunyimwa nusu iliyobaki, na mwisho kunyimwa uhai wenyewe.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mwaka 2007, mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin, liliwekwa jiwe dogo la shaba lenye jina lake. Ni moja ya mawe yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig kwa ajili ya watu walioteswa na Wanazi. Mpita njia hulikuta miguuni, na ili alisome inambidi ainamishe kichwa. Wajerumani wenyewe ndio wanaoyaweka, katikati ya miji yao, mbele ya milango yao. Na tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyeuawa mwaka 1906. Katika vita ya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, walikufa watu wengi mno. Makadirio yanafika 300,000, na wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa. Msamaha mmoja haulipi deni kama hilo. Lakini nchi inayoweza kuuomba hadharani ni kubwa kuliko ile ya kodiani na soseji, na mimi naiheshimu zaidi kwa Songea kuliko kwa uwanja mzuri wa Florida.

Basi sidai kwamba katika bustani ya watoto ijengwe kambi ya mateso. Kila jambo lina mahali pake. Ninachodai ni kwamba furaha isiachiwe kazi ya elimu. Mzazi anayempeleka mwanawe kucheza ngoma ya Bavaria na amweleze pia habari za ukuta ulioanguka, na za watu waliouangusha kwa mikono na nyundo. Mjerumani anayekuja kutazama nyumbu wetu Serengeti na apite Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji, akasome majina. Kumheshimu mtu ni kukubali kwamba ana mengi kuliko yale yanayokufurahisha wewe.

Na sisi tusikae tukilaumu kibanda cha vinywaji. Banda lile la Afrika likiamuliwa kujengwa kesho, tungewapa nini wajenzi? Je, tungeweza kuwaeleza juu ya Husuni Kubwa ya Kilwa na biashara ya dhahabu iliyoijenga, juu ya taarabu, juu ya mashairi ya Muyaka, juu ya mwalimu wa Kiswahili aliyefia Sachsenhausen? Wangapi katika watoto wetu wanaomaliza shule wamewahi kulisikia jina lake? Tukiwauzia wageni simba peke yake, tutalipwa kwa simba peke yake, na watatukumbuka kwa simba peke yake. Taifa linalotaka kuonwa kwa ukamilifu wake halina budi kujisimulia kwa ukamilifu, matamu na machungu, na wa kwanza kusimuliwa wawe watoto wake lenyewe.