Kudura na jiwe la grinda

Katika karakana za vyuma za Gerezani, Dar es Salaam, na kwa mafundi wa mageti na grili waliosambaa hadi Buguruni na Vingunguti, jiwe la grinda likipasuka na kipande kikampata mtu usoni, neno la kwanza kusikika ni kwamba ajali haina kinga. La pili ni kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Maneno haya husemwa kwa moyo safi, na mara nyingi anayeyasema ni mtu wa swala au wa kanisa. Kwa hiyo yanastahili jibu zito. Je, kupasuka kwa jiwe ni kudura tu, ambayo mcha Mungu hana la kufanya ila kuipokea? Nasema sivyo, tena nasema inayokataa hilo ni dini yenyewe, iwe inayofundishwa Msikiti wa Mtoro au Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu.

Tulitazame jiwe lenyewe kwanza. Jiwe la kukatia ni chembe kali zilizoshikanishwa kwa gundi iliyookwa ikawa ngumu, na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi za kioo. Hukata kwa kulika: chembe butu hung'oka, kali zilizo chini yake hujitokeza, na jiwe huzidi kuwa dogo. Kulika huko si ubovu, ndiyo kazi yake. Mawe mengi ya grinda za mkono hutengenezwa yahimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, yaani kilomita 288 kwa saa. Ndiyo maana jiwe la inchi 9 huandikwa lisizidi mizunguko kama 6,600 kwa dakika, wakati la inchi 4 na nusu huruhusiwa kufika kama 13,300. Sasa fundi ana jiwe la inchi 9 lililolika likabaki inchi 7. Kulitupa kunauma. Tundu la katikati ni lile lile, milimita 22.23, kwa hiyo linaingia kwenye grinda ndogo bila kulazimishwa. Kinacholizuia ni kava tu, naye analifungua na kuliweka pembeni. Grinda ndogo ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa jiwe lile unapita mita 100 kwa sekunde. Nguvu inayolivuta lipasuke hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo jiwe linabeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo uliokadiriwa. Likipasuka, lile kava ambalo lingepokea vipande liko juu ya benchi.

Hapo sioni fumbo lolote. Muumini atasema, na ni kweli, kwamba hata kanuni hiyo ya mwendo na mraba wake imewekwa na Mungu. Lakini akishasema hivyo amejifunga mwenyewe. Kama kanuni ni ya Mungu, basi aliyeisoma ubavuni mwa jiwe na kuipuuza amepuuza alichoonyeshwa, na hawezi kurudi baadaye kusema matokeo yake yalikuwa siri. Wazo hili si geni. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi ya Syria, katika karne ya 7 akapata habari za tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar, linalojulikana katika madrasa nyingi za pwani, lilikuwa kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda nyingine. Mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya tawakali alikataa kabisa kwamba kulala chini ya ukuta unaotaka kuanguka ni kumtegemea Mungu. Kwa upande wa Injili, Yesu alipotakiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, aliliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Grinda isiyo na kava, ikiwa na jiwe lisilo lake, ni ukuta ule ule wa Ghazali.

Yapo mapingamizi. Mmoja atasema wapo waliovaa miwani, wakafunga kava, wakatumia jiwe jipya, na bado wakaumia. Ni kweli. Jiwe huweza kubanwa na bomba linalokatwa, mashine ikaruka. Lakini kuwapo kwa ajali tusizoweza kuzizuia hakuzifanyi zile tunazoweza kuzizuia kuwa za aina hiyo. Kadari inatajwa kwa haki pale mtu alipokwisha kutimiza sehemu yake.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini, na sitaki kulipita haraka. Kijana wa kibarua anayelipwa kwa siku hana sauti ya kukataa jiwe alilokabidhiwa. Akikataa, kesho anaitwa mwingine. Kumhubiria huyu wajibu wake ni kumwonea. Hata hivyo umaskini wake hauifuti lawama, unaihamisha. Inapanda kwa mwenye uwezo wa kuamua: anayenunua mawe, anayeona kava limelala benchini na kunyamaza, anayepanga bei ya geti. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Agizo limewekwa kwa mwenye nyumba, wala si kwa anayeanguka. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inambebesha mwajiri jukumu la kulinda afya na usalama wa anaowatumikisha.

Pia tuangalie nani anasema. Mama wa kijana aliyepoteza jicho, akiwa kando ya kitanda cha mwanawe katika hospitali ya Muhimbili, anaposema Mungu amependa, anatafuta nguvu ya kuishi na kilichotokea, na hakuna mwenye haki ya kumsahihisha. Neno hilo hilo likitoka kwa mwenye karakana ni jambo jingine kabisa. Yeye hafarijiwi nalo, anajitoa kwenye hesabu. Anampa Mungu mzigo aliokuwa na uwezo wa kuubeba kwa kuifunga skrubu moja ya kava, kisha anataka aonekane mcha Mungu kwa kufanya hivyo. Hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu, na ni nzito kuliko uzembe wa kawaida kwa sababu inamfunga mdomo aliyedhulumiwa: nani atadai haki yake mbele ya mapenzi ya Mungu?

Kwa hiyo ninawaomba mashehe na mapadri wa Kariakoo na Ilala walitaje jambo hili kwa jina lake, katika hotuba ya Ijumaa na katika mahubiri ya Jumapili, maana wenye karakana wamo mbele yao. Nanyi wenye karakana, jiwe la inchi 9 limalizieni kwenye mashine yake kubwa. Likishakwisha, livunjeni kabla ya kulitupa, asije kijana akaliokota na kulifunga kwenye grinda ndogo.