Deni kwa Asiyeonekana

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, hata migomba ya jirani haikuonekana. Nilikuwa nikimsimulia habari za mnyama aitwaye minde. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Babu, kama mnyama mwenyewe haonekani, akiisha nani atajua?"

Nilimjibu kama sisi walimu tunavyojibu tunapobanwa. Nilimwambia kwamba hilo ni swali zuri sana. Halafu nikamtuma akawape kondoo majani. Yeye akaenda, lakini swali likabaki nami barazani, na kwa muda wa wiki nzima sikupata kulala vizuri.

Msomaji ambaye hajapata kulisikia jina hilo asione haya. Minde ni paa mkubwa wa misitu ya milimani, na duniani kote hapatikani ila Tanzania: hapa kwetu Kilimanjaro, Udzungwa, Rungwe na misitu mingine michache. Rangi yake ni kahawia iliyokolea hata kukaribia weusi, na katikati ya pembe zake fupi ana kishungi cha nywele nyekundu. Uzito wake waweza kupita kilo 50. Kwa lugha za Ulaya huitwa kwa jina la Abbott, daktari Mmarekani aliyekusanya wanyama mlimani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1880, na wanasayansi walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1890. Lakini picha yake ya kwanza akiwa hai porini ilipigwa mwaka 2003, zaidi ya karne moja baadaye! Hutembea peke yake, na zaidi usiku. Hula majani na matunda yaliyoanguka, na akishtuka hujitosa vichakani. Ndiyo maana Makaburu waliwapa paa wa jamii hii jina lenye maana ya mpiga mbizi. Wataalamu wamewahi kukadiria kwamba minde wote waliobaki huenda hawafiki 1,500. Idadi hiyo ni pungufu ya watoto wa shule mbili kubwa za msingi.

Mimi nimemwona minde mara moja tu katika maisha yangu, naye alikuwa amekufa. Habari hii sijapata kuiandika wala kuisimulia.

Ilikuwa mwaka 1962. Babu yangu alikuwa na kihamba cha juu, karibu kabisa na msitu, na nguruwe mwitu walikuwa wakishuka usiku kufukua magimbi. Babu akatega vitanzi vitano vya waya, vilivyotengenezwa kwa breki za baiskeli, katika ule ukanda wa nusu maili ulio kati ya vihamba na msitu. Magimbi yalipokwisha kuvunwa aliniita akaniambia, "Nenda kavitegue vyote. Mtego usio na kazi ni dhambi." Nikaenda. Mvua ilikuwa ikinyesha, baridi kali, na kitanzi cha tano kilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo. Nikategua vinne nikarudi nyumbani. Babu akaniuliza, "Vyote?" Nikajibu, "Vyote, babu."

Siku ya tisa dhamiri ilinisukuma nikarudi. Nilipovuka korongo niliona kitu cheusi kimelala, nikadhani ni kondoo wa mtu amepotea. Nilipokaribia nikakumbuka kwamba hakuna kondoo atembeaye huko, wala Afrika Mashariki hatuna kondoo wa mwituni; huyo yuko mbali kaskazini, katika milima ya Sahara. Nikaona kile kishungi chekundu. Waya ulikuwa umeingia shingoni. Ardhi yote kumzunguka ilikuwa imechimbwa kwa kwato. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba. Nyama yake ilikuwa imekwisha kuoza, kwa hiyo hakumfaa mtu yeyote. Nikautoa waya, nikamfunika kwa majani, nikarudi nyumbani kimya. Babu alifariki bila kujua.

Kwa zaidi ya miaka 30 niliwafundisha watu, shuleni na katika chuo cha ualimu, kwamba wanyamapori ni urithi wetu. Hoja niliyotumia ilikuwa ya faida. Nilisema: tunza msitu upate maji, tunza wanyama tupate fedha za watalii. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu msitu. Mteremko huu wa kusini hupata mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima, na bila msitu Weruweru na Kikafu isingekuwa kama tunavyoijua, wala mifongo ambayo wazee wetu waliichimba kwa mikono. Lakini tuseme kweli kuhusu minde. Hakuna mtalii anayekuja kumwona. Wageni wanaopanda kwa njia ya Machame hupita mchana ndani ya nyumba yake wakitazama kileleni. Yumkini hueneza mbegu za matunda anayoyala, lakini wako na wengine wafanyao kazi hiyo. Kama ningemwambia mjukuu wangu kwamba minde akitoweka mto utakauka, ningekuwa nimedanganya mara ya pili juu ya mnyama yule yule. Basi ama minde hana haki yoyote kwetu, ama hoja yetu ya faida ina upungufu.

Najua pia kwamba yupo atakayenipinga, naye ana haki ya kusikilizwa. Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto wanne, aliniambia, "Mwalimu, ninyi wenye pensheni na jiko la gesi mna nafasi ya kuwahurumia paa." Ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya taifa, ambayo ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya sehemu za juu za mlima, ilishushwa ikaingiza msitu, na akina mama wengi waliona mlango walioujua tangu utotoni umefungwa. Mzigo wa kumtunza minde hauwezi kuwa wa mwenye kichwa kinachobeba kuni peke yake. Sina jibu la kumnyamazisha mama yule, wala sitaki anyamaze.

Lakini nathubutu kutofautisha mambo mawili. Anayeokota kuni kavu yupo pale. Macho yake yanaona, na mkono wake unachagua hiki na kuacha kile. Kitanzi hakichagui. Hakijui nguruwe wala minde, dume wala jike mwenye mimba. Na aliyekitega hayupo. Anakunywa chai, analala, pengine amekwisha kukisahau, na huku kitendo chake kinaendelea gizani kwa jina lake. Babu yangu hakujua habari za idadi ya minde, lakini jambo hilo alilijua, na ndiyo sababu alinituma.

Nimesimamia mitihani mingi. Mwanafunzi mwaminifu hajulikani msimamizi akiwa amesimama mbele. Hujulikana msimamizi akitoka nje. Ndivyo ninavyomwona minde sasa. Mnyama anayependwa na kupigwa picha anao wasimamizi wengi, na kumtendea wema kuna sifa. Minde hana wa kumshuhudia. Hatupi sifa, hatupi fedha, hatupi hata nafasi ya kumtazama. Tukimwacha aishi, ni kwa sababu moja tu: kwamba uhai wake ni wake, naye alikuwa msituni humu kabla ya kihamba cha kwanza kupandwa. Wema ulio na faida ni biashara nzuri, nami siidharau. Ila hautoshi kuitwa wema.

Baada ya wiki ile nilimwita mjukuu wangu nikamsimulia yote, mpaka uongo wangu. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ulijua." Nikamwambia ndiyo, nilijua, kwamba hata pale ambapo hakuna anayeona, aliyefanya huwa anajua, na kujua huko hakuzeeki pamoja na mwili. Akauliza, "Na ule waya?" Nikamjibu kwamba niliutoa, ila nilichelewa siku tisa.

Wasomaji wangu wa vihamba vya juu, nawaomba jambo moja dogo. Kama mnajua mahali palipo na waya, uliotegwa na baba, na ndugu au na nyinyi wenyewe, nendeni mkautoe leo. Nendeni hata kama mvua inanyesha.